Programu yangu na swali la mama mdogo

Nimekuwa kimya hapa bloguni wiki kadhaa. Nilikuwa naifundisha kompyuta kutambua saratani ya matiti kwenye picha za MRI.

Mashine hiyo hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, si eksirei. Mgonjwa hudungwa dawa yenye gadolini, kisha hupigwa picha mfululizo. Mara nyingi uvimbe wa saratani hung'aa haraka na kufifia upesi. Usio wa saratani hung'aa polepole. Programu hupima mwendo huo, pamoja na umbo na kingo za uvimbe.

Nilitumia picha za wagonjwa 922 wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, zilizowekwa wazi kwa watafiti. Wote walikuwa na saratani, kwa hiyo kazi ilikuwa kutofautisha kipande cha picha chenye uvimbe na kisicho nao. Mara ya kwanza ilipata alama za juu ajabu, nikajisifu. Kumbe vipande vya mgonjwa yule yule vilikuwa kwenye mazoezi na kwenye mtihani pia! Nilipowatenga wagonjwa, alama zikaporomoka.

Wiki hiyo nikaenda nyumbani Migori. Mama mdogo, aliyeolewa Homa Bay, alikuwa amekuja kututembelea. Akaniita jikoni. Alikuwa na uvimbe tangu kabla ya Krismasi, hajamwambia mtu.

"Nyathina, hiyo kompyuta yako inaweza kuniambia kama ni mbaya?"

Jamani, nilikosa la kusema. Programu yangu haijawahi kuona uvimbe usio wa saratani hata mmoja. Ingemjibu nini? Hata MRI nzuri huonyesha vivimbe vingi ambavyo si saratani. Neno la mwisho hutoka maabara, kwenye kinyama kilichokatwa.

Kesho yake tukapanda matatu kwenda hospitali. Daktari alimpapasa, akapigwa altrasaundi, kisha wakachukua kinyama kwa sindano. MRI haikutajwa hata mara moja.

Majibu bado. Simu yake ikiingia, moyo unanidunda.

Programu sijaiacha. Sasa natafuta picha za uvimbe wa aina zote mbili, na kabla ya kuandika msimbo wowote nawatenga wagonjwa kwanza. Lakini wewe dada au mama unayesoma hapa, ukigusa uvimbe, usingoje programu ya mtu. Nenda hospitali kesho.

Tukutane tena.