Si kiburi, si pepo: juu ya tiki za vijana wetu



Tangu mwaka wa masomo uanze, wamama watatu wamenisimamisha, mmoja sokoni na wawili kwenye mlango wa darasa, na wote walikuwa na shida moja. Wa kwanza alisema mtoto wake anapepesa macho siku nzima. Wa pili alisema wake anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi. Wa tatu alisema wake anaguna kooni, hm, hm, hata wakati wa sala ya mezani. Na kila mmoja alikuwa amekwisha kupata mwenye kosa: wa kwanza vumbi la barabara ya migodi, wa pili kiburi cha ujana, wa tatu pepo. Ndiyo sababu leo naandika juu ya jambo hili.

Waganga wanaliita tiki. Tiki ni tendo au sauti fupi, ya ghafla, inayojirudia bila mtoto kuipanga: kupepesa macho, kukunja uso, kuinua bega, kuvuta pua, kukohoa bila kikohozi, kuguna. Inahama pia: mwezi huu macho, mwezi ujao bega. Inatoka kwenye ubongo, si kwenye tabia. Mara nyingi inatembea katika ukoo. Ukimuuliza bibi, labda atakumbuka kwamba baba au mjomba alikuwa hivyo utotoni. Wavulana wanaipata kuliko wasichana. Haiambukizi.

Si jambo la leo. Mwaka 1885 mganga Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliandika juu ya wagonjwa tisa wa namna hii. Mtoto akiwa na tiki za mwili pamoja na za sauti, na zikaendelea zaidi ya mwaka mmoja, waganga wanasema ana ugonjwa wa Tourette. Watu wanafikiri wagonjwa hao wote wanatukana ovyo. Wanaofanya hivyo ni wachache tu.

Kwa wengi tiki inaanza kati ya miaka 5 na 7, inakuwa kali kati ya miaka 10 na 12, kisha inapungua polepole kuelekea miaka 18. Kwa hiyo inamkamata mtoto na nguvu zake zote wakati ule ule anaoingia sekondari, ambapo wenzake wanacheka kila kitu.

Kitu kinachotudanganya sisi wazazi na walimu ni hiki: mtoto anaweza kujizuia kidogo. Kanisani anatulia saa nzima, akifika kwenye lupango anaanza kwa nguvu, na mama anasema: «Unaona? Ananifanyia kusudi!» Hapana, mama. Fikiria chafya. Unaweza kuizuia mbele ya watu, lakini itatoka. Kijana mmoja wa darasa langu alinieleza hivi: ni kama mwasho ndani ya koo, akiukataa unaongezeka, akiguna unatulia kidogo, kisha unarudi. Na dakika zote anazojizuia, hasikii somo. Nguvu yake yote iko kooni. Nyumbani anaachilia kwa sababu nyumbani hana woga.

Kijana huyo alikuwa na miaka 13, darasa la nane. Katika masomo aliyotoka walimkata pointi za mwenendo kwa sababu ya kuguna. Alipofika kwetu, wenzake wakampa jina la Chura. Nyumbani shangazi akasema ni ulozi, wakampeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha siku tatu bila chakula, na maji kidogo tu. Alirudi akiguna kuliko mbele. Si ajabu: njaa, woga na kukosa usingizi ndivyo vinavyoongeza tiki. Kisha akaacha kuja. Mama yake akanijia kuniuliza kama amwache tu aende mtoni kuosha mawe ya madini pamoja na vijana wengine, kwani masomo yamemkataa. Nilimwomba anipe wiki mbili.

Nilizungumza na prefe. Kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, nilieleza darasa tiki ni nini, na nikasema jina la Chura lisisikike tena. Nilimhamisha kiti, akakaa pembeni karibu na mlango, mahali ambapo si macho yote yanamwangalia. Alikuwa na ruhusa ya kutoka dakika mbili bila kuinua mkono. Maswali ya kujibu kwa mdomo aliyajibu peke yake kwenye meza yangu. Mama naye alikataza lupango lote kusema «acha!» Alimlaza mapema, akampeleka hospitali. Mganga alimpima, akauliza maswali mengi, akawatuma nyumbani bila dawa.

Tiki haikuisha. Anaguna hata leo. Lakini alipanda darasa, na mtoni hakwenda.

Mimi pia ni mtu wa kanisa. Kumwombea mtoto ni vizuri, kila mama afanye. Kumnyima maji na kumwita mlozi ni kitu kingine. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa adhabu anayefanya hivyo. Mama akisukumwa na ukoo, anayo haki ya kusema hapana.

Basi tufanye nini nyumbani? Kwanza, tusiitaje tiki kila mara. Ukimwambia «acha», mawazo yake yanakwenda pale pale na tiki inaongezeka. Pili, angalia saa zinazokuwa mbaya, uandike kwenye daftari: kabla ya mitihani? Akichoka? Akigombana na baba? Tatu, mpe kitu cha mikono na akili: mpira, ngoma, kushona, kuimba koro. Wengi wanatulia kabisa wanapozama katika kazi wanayoipenda. Nne, kuna zoezi ambalo waganga wanafundisha: kijana anajifunza kutambua mwasho kabla haujafika, kisha anafanya tendo jingine linaloziba njia. Anayeguna anafunga mdomo na kupumua polepole kwa pua mpaka mwasho upite. Linafanywa kwa hiari yake, si kwa kiboko. Tano, mwambie mwalimu mwanzoni mwa mwaka, usingoje buletini.

Dawa zipo kwa tiki kali, zile zinazomuumiza mwili au kumzuia kuishi. Lakini zina uzito wake, na mganga ndiye anayezitoa. Msinunue vidonge vya kutuliza kwenye meza za sokoni.

Si kila kitu kinachotikisika ni tiki. Macho yakiwa mekundu, yanatoa machozi na kuwasha, labda vumbi lina kosa kweli: yatibiwe macho kwanza. Mtoto akipotewa na fahamu, akianguka au kujikojolea, fikirieni kifafa. Mikono na miguu ikicheza-cheza bila kupumzika, anaangusha sahani, mwandiko umeharibika, hasa kama majuma au miezi iliyopita aliumwa koo au viungo vilivimba, mpelekeni haraka, kwani ugonjwa huo unaweza kugusa moyo. Shingo au macho yakikaza upande mmoja baada ya kumeza dawa, hata ya kuzuia kutapika, nendeni hospitali saa ile ile, na dawa mkononi. Na msichana wa miaka 14 au 15 aliyeanza ghafla, kwa siku chache, kurusha mikono na kupiga kelele, hadanganyi. Lakini mara nyingi hiyo ni njia nyingine, na inahitaji mtu wa kumsikiliza anabeba nini moyoni.

Mnaweza kuanza hapa hapa Kambove, kwenye kituo cha afya. Ikihitajika, watawatuma Likasi au Lubumbashi, ambako kuna kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili na neva. Kwenda kule si kusema mtoto ni kichaa.

Katika mkutano wetu ujao, mama mwenye mtoto wa namna hii anaweza kunivuta pembeni. Na ninyi wengine, mtoto wa jirani akiguna mbele yenu, msimgeukie. Endeleeni kuzungumza naye kama alivyo, mpaka neno lake liishe.