Mwandiko wa Babu

Barua za babu zilikuwa kumi na moja, zote kwenye kopo la biskuti, nyumbani Njombe. Babu alikuwa karani wa stesheni ya TAZARA Makambako, na aliandika kama watu waliofundishwa kuandika kwa kuogopa fimbo: herufi zimelala kulia, mkia wa "g" mrefu, "k" imekunja goti. Baada ya mazishi niliziskani, nikachora herufi mojamoja kwenye FontForge mpaka nikapata fonti. Wiki tatu. "w" ndiyo iliyonitesa. Hakuna mbili zilizofanana.

Nilikuwa naandaa wasilisho la arobaini: picha, sauti yake niliyoirekodi kwa simu, na maneno chini kwa mwandiko wake. Nikalitia kwenye flashi, nikapanda gari kwenda Makambako, kilomita 60 hivi.

Kompyuta ilikuwa ya kukodi, pamoja na projekta. Sauti ilitoka, picha zikatoka, lakini maneno yalikuja kwa Calibri, kama barua ya ofisi ya kata. Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, si ulisema ataandika mwenyewe?"

Kwa kawaida faili la PowerPoint halibebi fonti, linabeba jina lake tu. Mashine isiyokuwa nayo huokota nyingine, wala haiulizi. Hilo nililijua, na kwenye mipangilio ya kuhifadhi nilishaweka tiki ya kupachika fonti. Ulitokea ujumbe fulani, nikaufunga haraka kama tunavyofunga ujumbe wote. Kumbe kila fonti ina ruhusa ndani yake: wengine waitumie kuhariri, waisome na kuichapa tu, au isipachikwe kabisa. Hiyo ya mwisho niliichagua mwenyewe usiku mmoja wa baridi, nikihofia mtu asije akaandika uongo kwa mkono wa babu.

Usiku ule ule, kwa shangazi, nilibadilisha ruhusa. PowerPoint ikauliza: nipachike herufi zilizotumika tu, faili liwe dogo, au zote, ili wengine nao waweze kuandika? Nilichagua zote. Shangazi anataka kuandika majina ya wajukuu wote, na mmoja wao jina lake linaishia na "x". Katika barua kumi na moja babu hakuiandika hata mara moja.

Nimeanza kuichora.