Mtambo wa Kusafishia Maji ya Samaki Wetu

Wenzangu bwenini wakisikia kwamba nyumbani kwetu Likoni tuna samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo, swali lao huwa moja: "Ninyi mwakaa karibu na bahari, mwatafuta mtambo wa maji wa nini? Si mteke baharini tu?" Swali hilo si la kipumbavu. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hiyo hiyo nilipokuwa Kidato cha II, na samaki watano walikufa kwa ajili yake.

Tangi letu lachukua lita 200. Baba alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, akalijaza maji ya bahari, kisha akatia samaki wadogo alionunua kwa mvuvi mwenye leseni. Jioni akirudi kazini huketi mbele yake, na uchovu wote humwondoka. Likizo ile alisafiri kwa siku 20, akaniachia mimi kazi ya kuwatunza. Niliona kwamba kila siku maji hupungua kama lita 3 kwa sababu ya joto la kwetu. Nikajisemea, samaki wa bahari hutaka maji ya bahari. Basi kila asubuhi nikateka ndoo ndogo ufuoni nikajazia.

Kumbe maji yanapokwenda hewani huacha chumvi yake nyuma! Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lita 3 kwa siku 20 ni lita 60. Nami nilikuwa nimeongeza chumvi zaidi ya kilo 2 katika tangi lile, hata kila lita ikawa na gramu 45. Baba aliporudi alikuta samaki watano wanaelea. Hakunigombeza. Alitia kipimo cha chumvi majini, akakitazama, akasema, "Mwanangu, bahari ni kubwa. Hii ni sufuria." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Tangu siku hiyo tulijazia maji baridi ya kisima cha mtaani. Samaki waliosalia hawakufa, lakini yalizuka mambo mengine. Kioo kilishika mwani wa kijani kila wiki, na kamba wetu wawili walikufa mmoja baada ya mwingine. Nilileta chupa ya maji yale shuleni, na mwalimu wetu wa Biolojia alipoyapima aliona yana naitreti nyingi. Wala si ajabu, maana kisima kile ki karibu na vyoo vya shimo. Naitreti ni mbolea, na mwani huipenda kama mahindi yapendavyo samadi. Maji ya bomba nayo hutiwa klorini, ambayo yatukinga sisi na maradhi lakini huwadhuru samaki. Kuchemsha hakutoshi: klorini yaweza kutoka, bali naitreti na vitu vingine vilivyoyeyuka hubaki, tena huzidi kadiri maji yanavyopungua.

Ndipo Baba alipoamua kununua mtambo. Alikuwa na akiba ya shilingi 20,000. Akaniita, akasema, "Wewe ndiwe msomi wa sayansi. Safari hii chagua wewe." Niliogopa sana. Kukosea mara moja ni kujifunza. Kukosea mara ya pili kwa fedha ya mzee wako ni aibu.

Wenzangu wa Biolojia watakumbuka jaribio la kipande cha kiazi katika maji ya chumvi. Maji hutoka ndani ya kiazi, yakafuata upande wenye chumvi, na kiazi kikanywea. Mtambo huu hufanya kinyume: husukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, maji yakapita na karibu vitu vyote vilivyoyeyuka vikabaki nyuma. Utando wa kufaa kwa kazi hiyo ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yapata mwisho wa miaka ya 1950. Na mwaka 1965 mji wa Coalinga, huko huko California, ulianza kunywa maji yaliyosafishwa hivyo.

Nilizunguka katika maduka matatu. Duka la kwanza nilionyeshwa machujio mawili ya bei nafuu, moja la uzi na moja la makaa. Hayo huzuia taka na klorini, lakini naitreti hupita kama mtu apitaye mlango ulio wazi. Duka la pili walinisifia mtambo mzuri wa maji ya kunywa. Nilipouliza kazi ya chujio lake la mwisho, niliambiwa kwamba hurudisha madini ili maji yawe na ladha. Kwa binadamu ni vema. Kwetu ingekuwa kufagia nyumba kisha kurudisha taka. Duka la tatu nilipata wenye hatua nne: chujio la uzi, makaa, utando, na mwisho chembe za resini zinazonasa mabaki machache. Makaa lazima yatangulie, kwa sababu klorini huuharibu utando.

Nilirudi nyumbani na furaha, lakini sikununua siku ile, na nashukuru kwamba sikununua. Kwanza, fundi wa bomba aliniuliza juu ya msukumo wa maji. Mtambo ule wahitaji msukumo mara tatu au nne ya ule wa hewa. Maji yakiteremka mita 10 hupata mara moja tu, na pipa letu li juu ya bomba kwa mita 6. Bila pampu ndogo tungepata matone.

Pili, Mama aliniuliza, "Na hayo maji machafu huenda wapi?" Nikamweleza kwamba kwa kila lita safi, lita 4 hivi hutupwa. Akanyamaza kidogo. Kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na siku yasipokuja twanunua mitungi ya mkokoteni. Tulipiga hesabu pamoja. Lita 3 kwa siku ni lita 21 kwa wiki; za kutupwa ni 84, yaani zaidi ya mitungi 4 ya lita 20. Mama akasema, "Samaki wako wana israfu kuliko mimi." Nikaona wazi kwamba nilikuwa nimechagua kwa ajili ya tangi, si kwa ajili ya nyumba.

Basi tuliamua hivi. Tulinunua ule wa hatua nne pamoja na pampu. Twautilia maji ya bomba, si ya kisima, kwani kipimo kilionyesha 300 kwa bomba na 1,200 kwa kisima. Utando ukiacha sehemu 4 katika 100, resini hupokea 12 badala ya 48, nayo hudumu mara nne zaidi. Na ule mpira wa maji ya kutupwa tumeutia katika pipa. Maji hayo yamekwisha kupita katika uzi na makaa. Yamezidi madini kidogo tu. Mama huyafulia nguo, huyapigia deki, na yanayobaki ni ya choo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yetu twayazoa kabla hayajamwagika.

Sasa ni mwaka mmoja. Maji ya bahari twateka ya kubadilishia tu, na ya mtambo ni ya kujazia. Mwani umepungua, na kamba wapya wawili wa hai. Likizo iliyopita Baba alisafiri tena, akaniachia tangi bila kunipa agizo hata moja.

Ushauri wangu kwa mwenye kutaka mtambo ni huu: asianze dukani. Apime kwanza maji ya kwao, ajue msukumo wake, aulize kama machujio ya kubadilisha yapatikana, kisha amwulize mama yake maji ya kutupwa yatakwenda wapi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV