Jina la Mchoro ni Amana

Tanga

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa furaha ya kusikia habari zako, na ya pili kwa hadhari, kwa kuwa jambo unaloniuliza lilipata kunigharimu. Wasema karakana yenu imeletewa furushi la michoro ya mtambo kutoka Uchina, kwamba ulipolifungua katika kompyuta ulikuta majina ya mafaili yamegeuka vijistari na vipembe visivyosomeka, na kwamba msimamizi wako, akiuona huo kuwa uchafu wa safarini, amekuagiza uyafute majina yote uyape namba, ya kwanza hata ya mwisho, ili kazi iendelee. Wataka rai yangu. Rai yangu ni kwamba usibadili hata jina moja kabla hujajua linasema nini, na ni faili gani jingine linalolitegemea.

Kwanza ufahamu kilichotokea. Kompyuta haiweki herufi. Huweka namba, na kila namba hutafutiwa herufi yake katika jedwali. Wachina wanalo jedwali lao, linalotajwa kwa namba 936, na humo 205 na 188 zikiandamana hufanya herufi moja, 图, maana yake picha au mchoro. Kompyuta yenu, ambayo haikuambiwa furushi limetoka wapi, ilizitafuta namba zilezile katika jedwali la kale la Kimarekani, 437, ambamo 205 ni mistari miwili iliyolala sambamba na 188 ni kona ya mistari hiyo. Ndipo neno "mchoro" likawa ═╝, mfano wa pembe ya fremu ya dirisha. Basi hapana kilichoharibika, mpwa wangu. Namba zi salama vilevile zilivyofungwa. Aliyekosea ni msomaji.

Wala jambo hili si geni katika ukoo wetu. Marehemu babu yako aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa herufi hizo asili yake hazina p, be ileile moja ilitumika kwa p, kwa b, na kwa mb pia, hata neno moja kwenye karatasi likaweza kuwa pata, au bata, au mbata. Aliyelisoma barabara ni yule aliyejua barua imetoka kwa nani na inahusu nini. Asiyejua angeweza kutumwa mbata sokoni akarudi na bata.

Huenda ukauliza kuna madhara gani katika kulipa faili jina jepesi. Madhara yake nayajua kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchoraji katika kampuni moja ya ujenzi, tuliletewa kutoka ng'ambo michoro minane ya msingi wa mashine ya kusaga kokoto, yenye majina kama hayo yenu, nami kwa haraka ya ujana nikayaita A mpaka H. Nilipoufungua mchoro mkuu, mzingo wa msingi ulionekana vizuri, ila katikati palikuwa na mstari mmoja wa herufi zilizovurugika, mdogo kama sisimizi. Nikaudhania taka, nikaufuta. Kumbe ndio taarifa ambayo AutoCAD, programu ya kuchorea, hutoa inapotafuta mchoro ulioambatanishwa isiuone: huandika mahali pake jina na njia ya faili lililokosekana. Mtambo aghalabu hauchorwi katika faili moja. Mchoro mkuu huyaita mengine kwa majina yake, nami nilikuwa nimeyabadili yote, hata ulipoita hapakuwa na wa kuitika. Lililokosekana lilikuwa mchoro wa bolti za msingi. Tukazipanga bolti kwa vipimo vya mashine ya zamani, tukamwaga zege. Mashine ilipofika, miguu yake ikapishana na bolti kwa upana wa vidole vinne. Siku tatu vibarua walivunja zege kwa nyundo na tindo, nami nilisimama nao siku zote tatu, maana sikuona kuwa ni insafu wao wale vumbi la kosa langu ilhali mimi nimekaa kivulini.

Kwa hiyo fanya hivi. Furushi lihifadhi kama lilivyokuja, lisiguswe na mtu, kazi yako uifanye katika nakala. Lifungue upya kwa programu inayokubali kuambiwa jedwali la herufi, uitajie 936 kwa Kichina, au 932 siku utakapoletewa michoro ya Kijapani, nawe utayaona majina yakirudi katika sura zake.

Ukisha kuufungua mchoro ukakuta alama za kuuliza mahali pa maneno, hizo nazo usizifute. Lifungue faili kwa programu ya maandishi matupu, usome alama sita za mwanzo: AC1018 ni mtindo wa AutoCAD 2004, na AC1021 ni wa 2007. Hadi mtindo ule wa 2004, maneno yaliandikwa kwa jedwali la nchi ya mchoraji. Tangu wa 2007 huandikwa kwa Unicode, jedwali moja la lugha zote. Walakini jedwali pekee halitoshi ikiwa kompyuta yenu haina fonti alizotumia mchoraji, kwa hiyo mwombe akutumie na hizo.

Fauka ya hayo, jina huweza kubeba hukumu. Ukiona 作废 katika jina la mchoro, ujue mchoro huo umebatilishwa, wala haifai kukatia chuma kwa vipimo vyake. Ukiupa jina la "Namba 9" umeificha hukumu hiyo, na fundi atakayekata bamba hatakuwa na njia ya kujua kwamba anakata hasara.

Ikiwa majina hayana budi kubadilishwa, mwombe aliyefunga furushi ayabadilishe yeye huko kwake kwa herufi za Kilatini na tarakimu, alifunge upya pamoja na michoro yote iliyoambatanishwa, kwa sababu aliyefunga ndiye ajuaye alichofunga. Saa mbili asubuhi kwetu ni saa saba mchana kwao. Mwandikie mapema, upate jibu kabla hawajafunga kazi. Naye msimamizi wako mweleze haya kwa taadhima, faraghani, wala si mbele ya mafundi, umwambie kwamba siku moja ya kungoja jibu ni nafuu kuliko siku tatu za tindo.

Jambo la mwisho ni la adabu. Sisi watu wa pwani tumezoea kupokea wageni, na mgeni hapewi jina jipya mlangoni kwa sababu ulimi wa mwenyeji umeshindwa na lake. Majina hayo mliyoyaita uchafu yaliandikwa na mchoraji mwenzako, kwa lugha aliyolelewa nayo, akiamini kwamba atakayeyapokea atayatunza.

Pamoja na barua hii nakuletea daftari langu. Kila jina la kigeni lililopita mikononi mwangu baada ya kosa lile nimelinakili humo, upande mmoja lilivyokuja limevurugika, upande wa pili lilivyo kwao, na chini yake maana: 孔 ni tundu, 板 ni bamba, 轴 ni shafti. Kurasa zilizobaki ni nyingi. Anza na majina ya furushi hilo, uniandikie la kwanza lilikuwa nani.

Wasalaam,

Mjomba wako