Baraza lililofungwa lafunguliwa tena Masisi

Katika vilima vya Masisi nyumba nyingi ni za mbao za mikaratusi, na juu ni manjanja. Mbele kuna baraza. Hapo mgeni anapokelewa, maharagwe yanachambuliwa, na aliyetoka shambani anavua buti za matope kabla ya kuingia.

Vita vimefanya wengine walifunge kwa mbao toka chini hadi paani. Sababu zinaeleweka: baridi, mvua ya upepo, na zaidi macho ya wapita njia usiku. Familia moja iliyotoka kambi ya Bulengo, ambayo watu waliamriwa kuihama Februari 2025, ilikuta baraza lake bado limefungwa hivyo. Ndani ni giza, harufu ya ukungu na magunia matupu. Hata kabla ya kukimbia hakuna aliyekuwa akikaa humo.

Mama wa nyumba akataka mbao zitolewe, na mbele pawekwe sakafu ya mawe ya kukalia. Baba mkwe akakataa.

“Mwanangu, ukuta ni ukuta.”

“Baba, mbao hizi hazizuii risasi. Zinazuia mwangaza.”

Mzee alinyamaza siku mbili. Kisha akamwita fundi, kwa sharti moja: mlango wa nyumba uongezwe komeo la pili. Si sharti baya, kwa namna usiku ulivyo huku.

Walifikiria kwanza jukwaa la mbao, wakaliacha. Mkaratusi mbichi ukikauka hupinda, na ukigusa udongo wenye maji huoza au huliwa na mchwa. Saruji nayo ni ghali, maana inapanda kutoka Goma kupitia Sake kwa barabara wanayoijua wote. Mawe yako kilimani, yanadai jasho tu. Waliondoa udongo mweusi mpaka wakafika mgumu, wakapanga mawe makubwa, wakajaza changarawe na kushindilia. Mteremko waliuelekeza mbali na nyumba, kama sentimita 2 kwa kila mita. Bila hivyo maji yangeingia chini ya kuta. Paa la zamani halikuguswa. Kwa mvua za Masisi, sakafu isiyo na paa pembeni yake ni ya saa chache za jua.

Kule Walikale, msituni, barza la kijiji halina kuta: ni nguzo, paa na moto katikati, na wazee wanasikiliza mashauri humo. Hata viongozi wa makabila ya Kivu Kaskazini walipotafuta pa kuzungumza, chombo kilichoundwa 1998 kiliitwa Barza Intercommunautaire. Jina lilijulikana na kila mtu.

Familia hii ina shauri lake. Shamba lao linalimwa na jirani aliyebaki, na tangu warudi hakuwa amekanyaga kwao. Kupiga hodi kwenye mlango wenye giza, mbele ya watu unaolima shamba lao, si jambo rahisi. Siku ya tatu baada ya mawe kupangwa alipita, akasalimia kutoka njiani, akakaribishwa, akaketi. Walizungumza habari za mvua na bei ya viazi.

Shamba litazungumzwa Jumapili baada ya misa, hapo hapo barazani. Chifu wa kijiji ameombwa awepo.