Kutoka Luena Kwenda Kuutazama Mji wa Bruxelles

Luena ni mtoto wa makaa ya mawe na wa reli. Mtu akitoka Lubumbashi kwa gari la moshi, akapita Likasi, Tenke na Lubudi, huifikia kabla ya Bukama. Na akizidi kwenda mbele hufika Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu mwaka 2015. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na ilipotimia mwaka 1928 ilikuwa imekwisha kupita Kamina na kuufikia mto Kasai kule Ilebo. Katika Kongo nzima mahali panapojulikana kwa makaa ya mawe ni pawili tu, Luena na bonde la Lukuga karibu na Kalemie. Watu wa mahali kama hapa hawakuogopa safari tangu zamani, maana wazee wengi walitoka mbali kuja kutafuta kazi, na watoto wao wamekwenda mbali tena.

Ila iko safari moja ambayo tukiitaja watu hucheka. Ni safari ya kwenda kuutazama mji wa Ulaya kwa siku tano au sita, kisha kurudi nyumbani. Kwenda Ulaya kusoma, watu huelewa. Kwenda kutibiwa, huelewa. Kwenda na kutorudi, huelewa pia, ingawa hawasemi kwa sauti. Lakini mwalimu wa Luena aende Bruxelles kutazama tu? Sisi hatuoni la kuchekesha hapo. Wazungu wamekuja kututazama miaka mingi, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Tena hatuko peke yetu katika jambo hili. Mhindi wa Mumbai au wa Chennai anayetaka kuiona Paris kwa juma moja hudaiwa viza kama sisi, na hesabu ya benki kama sisi. Tumependezwa na namna wengi wao wanavyojiandaa. Asiyekula nyama haondoki kwake mpaka ajue atakula wapi na chakula gani. Huanza na desturi ya nyumba yake mwenyewe, ndipo aukaribie mji wa wageni. Njia hiyo yafaa kuigwa, nasi tutaifuata katika maneno haya.

Jambo la kwanza ni kuchagua mji mmoja. Wako wanaotaka kuona Bruxelles, Paris, Amsterdam na Roma katika siku sita, wakarudi wakiwa wameona vituo vya treni tu. Hata sheria humfaa anayechagua mmoja. Viza inayoitwa ya Schengen, kwa jina la kijiji cha Luxemburg ambako mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1985, hufungua mlango wa nchi 29, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Lakini huombwa kwa nchi ile utakayokaa zaidi. Na kama siku ni sawasawa, kwa ile utakayoingia kwanza. Mwenye mji mmoja hana la kueleza sana. Uingereza haimo katika mkataba huo. Anayetaka kuvuka kwenda London lazima apate viza nyingine, na kama ile ya kwanza ni ya kuingia mara moja tu, hataweza kurudi Bruxelles kwa hiyo.

Basi tuseme mwalimu wetu ana mke na watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 13. Ada ya viza tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajatimiza 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Nyumba hiyo italipa euro 315 kabla hata ya kujua kama watakubaliwa, na wakikataliwa fedha hizo hazirudi. Kwa mshahara wa mwalimu hili si jambo dogo. Ni ada za shule, ni mabati ya nyumba. Kwa maoni yetu afadhali waende wawili, baba na mama, na watoto wabaki kwa bibi. Watu wengine watasema tunawanyima watoto. Watoto watakuwa na siku zao.

Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Itakiwe bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala yasichelewe kuliko siku 15. Jibu hutakiwa kutoka katika siku 15, lakini laweza kukawia mpaka 45. Kwa mtu wa Luena maana yake ni kuanza miezi mitano kabla, kwa sababu kila karatasi inayosahauliwa ni safari nyingine ya kwenda Lubumbashi au Kinshasa. Kabla ya kuondoka nyumbani, aulize kwa maandishi ni ofisi gani inayopokea maombi na siku zipi. Kama ana ndugu Ubelgiji atakayemlaza, ndugu huyo aende mapema kwenye ofisi ya mji wake kutia saini hati ya kumdhamini mgeni, iitwayo Annexe 3bis.

Lakini karatasi iliyo nzito kuliko zote ni ile isiyo na jina. Ofisa anataka kuamini kwamba mwombaji atarudi. Barua ya shule yenye tarehe ya kuanza tena kazi, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki, hizo zote husema neno moja tu: nina kwetu. Ni neno gumu kwa mtu mwaminifu kulazimishwa kulithibitisha, nasi hatuwalaumu wanaoona uchungu. Hata hivyo lithibitishwe kwa ukweli. Katika kila mji wako mawakala wanaouza taarifa za benki na barua za kazi zisizo za kweli. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, mwenye jina ndiye anayekataliwa, na kukataliwa huko huandikwa katika daftari ambalo nchi zote za mkataba hulisoma. Wakala yuko nyumbani anakula fedha yake. Anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi, na ana haki ya kukata rufani.

Sasa njia. Watu huogopa ndege na hawaogopi behewa, na sababu zinatupa kufikiri kinyume. Mwezi wa Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka mahali paitwapo Buyofwe, wakafa watu zaidi ya 60. Haikuwa treni ya abiria. Watu waliipanda kwa sababu usafiri mwingine ulikuwa haba. Anayekwenda Ulaya asianze safari yake juu ya behewa la mizigo ili asichelewe miadi ya viza. Aondoke siku nyingi kabla, kwa treni ya abiria au kwa gari. Kutoka Lubumbashi ndege hupita Addis Ababa, na kutoka Kinshasa iko inayokwenda Bruxelles moja kwa moja. Na liko jambo ambalo wengi hawalijui: Kongo imo katika orodha ya nchi chache ambazo raia wake hudaiwa viza hata kwa kubadili ndege tu ndani ya uwanja wa nchi za Schengen, bila kutoka nje. Tiketi ya bei rahisi inayopita viwanja viwili vya Ulaya yaweza kuwa ghali kuliko zote.

Tukifika Bruxelles, tutatazama nini? Vitabu vya wageni vitatuelekeza Grand-Place, uwanja wa kati ambao mizinga ya Wafaransa iliubomoa mwaka 1695 na wenyeji wakaujenga upya kwa fahari. Hakika ni mzuri, tena hauna kiingilio. Vitatuelekeza pia Atomium, zile tufe tisa za chuma zilizosimamishwa mwaka 1958 kwa maonyesho ya dunia, mita 102 kwenda juu. Asubuhi moja yatosha kwa vyote viwili. Sisi tungependa mtu wa Luena azitumie siku zake mahali pengine.

Katika kituo cha Montgomery apande tramu namba 44, ambayo hupita msituni mpaka Tervuren. Huko iko nyumba ya makumbusho ya Afrika, iliyofunguliwa mwaka 1910, ikafungwa kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018. Vitu vya Waluba vimo kwa wingi, na kinyago chao chenye pembe mbili zinazopinda ni mashuhuri ulimwenguni. Mtu wa Haut-Lomami atasimama mbele ya kazi ya mababu zake nyuma ya kioo, na atakayoyawaza ni yake mwenyewe. Katika ukumbi mmoja ukuta umeandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameandika juu ya vioo vya upande wa pili majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, ili jua likiwaka vivuli vyao viangukie ukuta ule.

Miongoni mwao wamo saba ambao makaburi yao yako hapo Tervuren, kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, wakakalishwa katika vijiji vya maonyesho karibu na ziwa, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwatazama. Kiangazi kilikuwa cha mvua na baridi. Saba wakaugua, wakafa. Hawakuchagua mji wala siku, wala hawakuulizwa kama wanataka kurudi. Mwalimu wetu aliyejaza karatasi miezi mitano, akijichagulia mwenyewe mji wa kutazama, asipite Tervuren bila kuyafikia makaburi hayo.

Siku nyingine apande treni kwenda Charleroi, safari ya kama saa moja, kisha basi mpaka Marcinelle. Hapo upo mgodi wa makaa ya mawe uitwao Bois du Cazier. Tarehe 8 Agosti 1956 kigari cha makaa hakikuingizwa vema katika lifti. Lifti ilipopanda, kigari kikakata nyaya za umeme na bomba la mafuta, moto ukawaka chini kabisa. Walikufa watu 262, na kati yao 136 walikuwa Waitalia. Waitalia hao walikuwa wametoka vijiji maskini kwa mapatano ya mwaka 1946: Italia itoe vijana, Ubelgiji itoe makaa. Leo mgodi ni makumbusho, na tangu 2012 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Wageni wengi wa Bruxelles hawafiki huko. Lakini mtu aliyelelewa kwa mshahara wa makaa ya mawe ataelewa kila kitu bila mfasiri: minara, taa za wachimbaji, picha za wanawake waliosubiri langoni.

Jioni arudi Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Atapata sombe, ndizi na samaki wa kukaushwa, na hatalala na njaa. Jirani yake kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018.

Majira yafikiriwe pia. Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na Juni hukawia mpaka karibu saa nne usiku. Mwenye siku tano huongezewa nyingi kwa kwenda Juni. Koti lichukuliwe hata hivyo. Jumatatu Tervuren hufungwa, na hali kadhalika makumbusho mengi ya mji, basi siku hiyo iwe ya Grand-Place. Mpakani, tangu tarehe 12 Oktoba 2025 ulipoanza utaratibu mpya, mgeni huchukuliwa picha ya uso, na siku zake huhesabiwa kwa mashine.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe mkononi, isiingizwe katika sanduku. Ulaya hawataiuliza. Itaulizwa siku ya kurudi, uwanjani Lubumbashi.