Sindano ya Nguruwe Ndani ya Arobaini



Makala ya lesi na shanga itasubiri. Leo kuna jambo la nyumbani kwetu, na mwenyewe ndiye aliyeniomba niliandike bila ya kumtaja jina. Anasema angelisoma mapema asingelia siku mbili nzima huku ananyonyesha.

Ni mtoto wa shangazi yangu. Alijifungua salama, alhamdulillah, mtoto wa kike, uzazi wake wa kwanza. Siku ya kumi na moja mguu wake wa kushoto ukaanza kuvimba. Mmoja tu. Shavu la mguu likakaza kama ngozi ya ngoma, likawa la moto, na kukanyaga hawezi. Bibi anayemkanda akasema ni baridi imeingia, akapasha maji na kutoa mafuta ya karafuu. Bahati yetu jirani ni mkunga mstaafu, naye alikuja kumtazama mzazi na bakuli lake la uji wa pilipili manga. Aliuona ule mguu tu, akamzuia bibi mkono. "Huu hausuguliwi. Huu unapelekwa hospitali, na leo hii."

Sababu yake niliielewa baadaye. Damu ikiganda kwenye mshipa mkubwa wa mguu, lile bonge linaweza kubanduka, likapanda na damu kupitia moyoni mpaka kwenye mapafu, likaziba njia. Mtu anakatika pumzi ghafla, kifua kinamchoma, pengine anakohoa damu, na anaweza kufa papo hapo. Sasa fikirieni mikono ya mkandaji na ile nguvu yake.

Hospitali walimpiga altrasaundi ya mguu. Nilikuwepo, nikatazama kwa jicho la fundi cherehani. Daktari anakibonyeza kifaa juu ya mshipa. Mshipa mzima unalala bapa, kama upindo wa kiuno cha suruali kabla hujapitisha mpira. Wenye bonge haulali. Alibonyeza kwenye paja, ukalala. Akashuka nyuma ya goti, ukakataa. Kipo pia kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya bonge linaloyeyuka, lakini kwa mzazi hakisaidii sana, maana mwanamke aliyetoka kujifungua kipimo hicho humpanda hata akiwa mzima.

Kwa nini mzazi? Mwaka 1856 daktari mmoja wa Berlin, Rudolf Virchow, aliandika juu ya mabonge haya na safari yake ya kwenda mapafuni, na mpaka leo madaktari wanataja mambo matatu kwa jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mja mzito na mzazi anaweza kuwa nayo yote. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wake ugandishe damu haraka asije akamaliza damu wakati wa kujifungua. Tumbo limebana mishipa ya nyonga, na wa kushoto ndio unaobanwa zaidi. Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa, yaani ni arobaini yetu yenyewe, siku ambazo mzazi tunamlaza kitandani na kumwambia asiinuke. Mimi siipingi arobaini, naipenda. Lakini mzazi anaweza kutembea humo humo ndani, chumbani mpaka uwani, na akanywa maji ya kutosha.

Basi akaandikiwa sindano ya enoksaparini, ya kuchoma chini ya ngozi ya tumbo. Mume wake ni mtu wa kusoma. Akaitafuta ile dawa kwenye simu, akamsomea mkewe: hutengenezwa kutokana na utando wa matumbo ya nguruwe.

Wallahi, chumba kilinyamaza. Yeye akajifunika kanga mpaka kichwani. "Mwanangu ananyonya maziwa yangu. Sichomwi."

Na si uzushi. Heparini, na enoksaparini inayotokana nayo, zinatolewa kwenye matumbo ya nguruwe. Haikuanzia huko: mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, aliikuta dawa ya namna hiyo Baltimore, Marekani, akichunguza maini ya mbwa, na jina la heparini linatokana na neno la Kigiriki la ini. Baadaye ikatengenezwa kwa ng'ombe na nguruwe. Ya ng'ombe iliachwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990 kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Ami yake akampigia simu shekhe anayetusomesha darsa la wanawake. Nilidhani atajibu ndiyo au hapana. Yeye akauliza maswali mawili. La kwanza, ugonjwa umethibitika au ni dhana? La pili, bila ya dawa hii hatari ni ya kweli, na badala yake ya halali ipo karibu au haipo? "Mimi najua hukumu ya dharura," akasema, "lakini kama hii ni dharura atakwambia daktari mwaminifu." Akamkumbusha aya ya 173 ya Suratul Baqara.

La kwanza tulikuwa tumeliona kwa macho yetu kwenye altrasaundi. Kwa la pili daktari hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kiti akatueleza utafiti uliofanywa Bristol, Uingereza, ukatolewa mwaka 1960. Madaktari wawili, Barritt na Jordan, waliwagawa wagonjwa 35 waliokuwa na bonge la damu mapafuni. 16 walipewa heparini pamoja na vidonge, 19 hawakupewa, kwani wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kama dawa inafaa. Katika wale 19, watano walikufa kwa mabonge, na wengine watano bonge liliwarudia wakapona. Katika wale 16, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa bonge. Madaktari wakaona si haki kuendelea kumwacha mtu bila dawa. Wagonjwa wale bonge lao lilishafika mapafuni, la huyu wetu lilikuwa bado mguuni, lakini ni bonge lile lile na safari ni ile ile.

Ndipo nilipofahamu kwamba ule utafiti wa watu 35 ulikuwa unajibu swali la shekhe. Bila ya hesabu kama ile, neno dharura kila mtu angelivuta upande wake.

Shekhe akatupa na jingine. Mwaka 2003 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walikutana Makka wakaizungumza dawa hii hii. Wakaruhusu kutibiwa kwayo pasipokuwa na badala ya halali inayotosheleza, na isizidi kiasi cha haja. Badala ipo, inaitwa fondaparinuksi, inatengenezwa maabara bila ya mnyama yeyote. Tuliulizia maduka ya dawa matatu, hawakuwa nayo, na bonge halisubiri boti ya kesho. Akachomwa jioni ile baada ya Magharibi.

Kiasi cha haja kilikuwa siku saba. Pamoja na sindano alianzishiwa vidonge vya wafarini, ambavyo huchukua kiasi cha siku tano kushika kazi sawasawa, na kipimo kilipokaa vizuri sindano zikasimama. Wafarini inafaa kwa anayenyonyesha. Mama mkwe wake alipolisikia jina akashtuka: "Si sumu ya panya hiyo?" Ndiyo, mama. Ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wanavuja damu mpaka kufa kwa kula majani yaliyooza, maabara ya Karl Link huko Wisconsin ikaitoa kemikali yenyewe, na kutoka hapo wafarini ikauzwa mwaka 1948 kuulia panya. Mwaka 1955 alikuwa anapewa rais wa Marekani, Eisenhower, alipougua moyo. Kinachotofautisha ni kipimo, ndiyo maana alipimwa damu mara kwa mara kwa miezi yote mitatu.

Mabibi harusi, na nyinyi msiondoke. Kila msimu mnakuja dukani kujaribu gauni mnaniuliza vidonge vya kuzuia siku zisiangukie harusini, au Umra, au Ramadhani. Norethisteroni, ambayo wengi hupewa, sehemu yake mwilini hugeuka kuwa homoni ile ile iliyomo kwenye vidonge vya majira vya mchanganyiko, na hiyo huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kwa msichana mzima hatari ni ndogo. Lakini kama umewahi kupata bonge, au mama yako au dada yako amewahi, au umejifungua karibuni, usinunue dirishani kimya kimya. Mwambie daktari hayo kabla hajaandika.

Mtoto wa shangazi sasa ana mimba ya miezi mitano, maa shaa Allah. Wafarini huvuka ikamfikia mtoto tumboni na inaweza kumdhuru. Heparini haivuki. Kwa hiyo amerudi kwenye enoksaparini, si kwa siku saba bali mpaka ajifungue, na wiki sita tena baadaye. Alimwuliza shekhe upya, naye akauliza yale yale mawili. Akamwuliza daktari juu ya fondaparinuksi, akaambiwa kwa waja wazito haijachunguzwa kama heparini ilivyochunguzwa, na kwake atatulia na hii.

Anajichoma mwenyewe kila siku baada ya Isha. Saa aliyochoma anaiandika nyuma ya kadi ya kliniki, kwa sababu uchungu ukianza hachomi tena mpaka daktari aseme, na mkunga wa zamu lazima ajue sindano ya mwisho ilikuwa saa ngapi.